SIM7080G haishuki chini ya 9.5 mA, betri inaisha siku 11

tangi_la_juu
Wakuu, nina kihisi cha kiwango cha maji kwenye tangi la juu ya ghorofa, mtaa wa Pipeline. Ni SIM7080G (moduli ya modemu ya mtandao wa simu) kwenye bodi ya majaribio, mikrokontrola ya volti 3.3, betri moja ya 18650 (2600 mAh) na laini ya NB-IoT (mtandao wa simu wa vifaa vinavyotuma data kidogo). Kinatuma kwa MQTT (itifaki nyepesi ya kupeleka ujumbe kwa seva) kila saa 6. Ili moduli ilale usingizi mzito (PSM) kati ya kutuma, nimeweka hivi:

AT+CPSMS=1,,,"00000110","00001010"

Inajibu OK, lakini multimita inasoma 9.5 mA hata kifaa kikiwa kimetulia. Betri inakata siku ya 11. Shida ni taima, mtandao au bodi?

biti_nane
Anza na taima, maana ulichoandika sicho ulichokusudia. Biti 3 za mwanzo ni kipimo, 5 zinazofuata ni idadi. Kwenye namba ya kwanza, yaani T3412 (taima ya kujiripoti kwa mtandao), 000 ni dakika 10, 001 ni saa 1, 010 ni saa 10. Kwa hiyo "00000110" ni dakika 10 mara 6: umeomba moduli iamke kila saa kujiripoti kwa mtandao. Namba ya pili, T3324 (muda wa kubaki macho kabla ya kulala), ina jedwali lake. Huko 000 ni sekunde 2, kwa hiyo "00001010" ni sekunde 20, na hiyo iko sawa.

Usiombe saa 6 kamili. Omba 12, "00101100". Kila ukituma data taima huanza upya, hivyo ya saa 12 haifiki mwisho na safari za kujiripoti zinaisha zenyewe.

Halafu hiyo OK inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Anayeamua ni mtandao. Toa AT+CEREG=4, kisha AT+CEREG? na utazame namba mbili za mwisho: hizo ndizo ulizopewa. Ya T3324 ikiwa tupu au ikianza na 111, hujapewa PSM. Hapo zungumza na waliokuuzia laini, kuhangaika na amri hakutasaidia.

Na MQTT je, unaifunga? Kikao kikibaki wazi na kupiga seva kila sekunde 60, hesabu ya kulala inaanza upya kila mara. Baada ya kutuma toa AT+SMDISC, kisha AT+CNACT=0,0.

waya_mbili
Taima zirekebishwe, sawa, lakini bodi yenyewe inakula. Kama regulata (kishusha volti) ni AMS1117, hiyo peke yake hunywa karibu 5 mA hata bila mzigo. Tena inataka karibu volti moja zaidi ya inachotoa, kwa hiyo kwa 18650 hata hiyo 3.3 huipati vizuri. Ing'oe. VBAT (pini ya umeme) ya SIM7080G inakubali volti 2.7 hadi 4.8, ilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mikrokontrola iwekee regulata ya MCP1700 ya 3.3, ambayo hunywa takriban mikroampea 1.6. Taa ya umeme ya bodi nayo itoe, au uondoe rezista yake.

tangi_la_juu
Nimefanya yote. CEREG inarudisha "00001010","00101100", kwa hiyo nimepewa. VDD_EXT (pini ya moduli yenye volti ikiwa macho tu) inashuka hadi 0 kama sekunde 40 baada ya kutuma. Ila bado nasoma 1.5 mA, haicheziki. TX ya mikrokontrola (waya wa kupeleka data kwa moduli) inapita kwenye rezista mbili, 1k na 1.2k, kushusha 3.3 kuwa 1.8.

waya_mbili
Umejijibu. UART (mawasiliano ya mikrokontrola na moduli) ikiwa kimya TX hukaa juu. Volti 3.3 juu ya 2.2k ni 1.5 mA, mchana na usiku. Zaidi ya hapo, ile 1.8 inaingia kwenye pini ya moduli iliyolala na kupenya kwenye dayodi zake za kinga. Subiri VDD_EXT ifike 0, ndipo mikrokontrola ishushe TX. Wakati wa kuamsha, vuta PWRKEY (pini ya kuwasha na kuzima moduli) chini kwa sekunde moja na ushee, subiri VDD_EXT irudi, kisha pandisha TX.

Angalizo: tazama VDD_EXT kabla ya kugusa PWRKEY. Ukiivuta muda mrefu moduli ikiwa macho, unaizima.

kata_umeme
Kwa nini msimkatie VBAT kwa MOSFET (swichi ya kielektroniki) tu? Mikroampea sifuri, hakuna mjadala wa taima.

biti_nane
Kwa kutuma mara moja kwa siku ningekubali, mradi atoe AT+CPOWD=1 kwanza. Ukikata ghafla moduli ikiwa inaandika kwenye kumbukumbu yake, siku moja haitawaka. Kwa mara 4, kila kuwasha upya ni kutafuta mtandao na kujisajili upya, na pale penye ishara dhaifu hilo linaweza kugharimu kuliko data yenyewe.

Fanya hesabu: tuseme kila kutuma ni sekunde 60 kwa wastani wa 80 mA. Hiyo ni 1.33 mAh, mara 4 ni 5.3 kwa siku. Usingizi wa mikroampea 10 unaongeza 0.24 tu. Kwa 9.5 mA ulikuwa unachoma 228 kwa siku kwa kulala peke yake. Sasa kinachobaki kupunguza ni zile sekunde 60, kwa hiyo hamia UDP (kutuma bila kufungua kikao) na uitoe antena nje ya boksi la chuma.

waya_mbili
Na ukipima usingizi, usiache multimita kwenye mikroampea wakati inatuma. Volti inaanguka ndani ya mita na moduli inajizima. Weka swichi sambamba na mita: ifunge wakati wa kutuma, ifungue VDD_EXT ikishafika 0.