Mdahalo wa saikolojia: mwanafunzi achague upande au apangiwe kwa kura?

Mleta mada, Arusha

Ninafundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu hapa Arusha, na kila muhula wanafunzi wangu hufanya midahalo ya vikundi kuhusu mambo yanayobishaniwa katika fani hii. Mada inayowasha moto kuliko zote ni ya viboko shuleni. Swali langu ni moja tu: je, mwanafunzi achague upande anaouamini, au apangiwe kwa kura ya bahati nasibu? Msimamo wangu ni kura, tena ipigwe siku ileile ya mdahalo, mwenyekiti na mtunza muda wakiwa wameshaketi, ili kila kikundi kiwe kimelazimika kuandaa pande zote mbili.

Sababu yangu naitoa ndani ya saikolojia yenyewe. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford maelezo ya tafiti mbili kuhusu adhabu ya kifo, moja ikionyesha kwamba inazuia mauaji na nyingine ikionyesha kinyume chake. Walioiunga mkono na walioipinga walisoma karatasi zilezile, lakini kila upande uliona dosari katika utafiti usioupendeza, na mwishowe wakawa mbali zaidi kimsimamo kuliko walivyoanza. Mwaka 1984 Lord na Lepper, pamoja na Elizabeth Preston, walionyesha kwamba kumwambia mtu asipendelee hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumtaka ajiulize kama angeupokea utafiti huo vilevile iwapo matokeo yake yangekuwa ya upande wa pili.

Kazi kubwa basi iko kwenye maandalizi. Hoja ya kwanza inayoletwa kila mara ni hii: "Mimi nilichapwa, na leo niko chuoni." Huwa namwomba mwenye hoja asimame awaangalie wenzake, kisha aniambie waliochapwa wakaacha shule wamekaa dawati lipi. Baada ya hapo tunafungua Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko shuleni hapa Tanzania, ambazo zinaweka ukomo wa viboko vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Wengi hawajawahi kuzisoma, ingawa wamekua chini yake, na wanaotetea fimbo hugundua kwamba ile wanayoitetea siyo ile inayoruhusiwa.

Mchangiaji, Moshi

Mwalimu, maandalizi yako nayaheshimu, lakini kwenye kura tutapishana. Charlan Nemeth na wenzake walichapisha mwaka 2001 utafiti uliolinganisha vikundi vyenye mpinzani wa kweli na vikundi vyenye mpinzani aliyepewa nafasi hiyo aigize. Mpinzani wa kweli ndiye aliyewafanya wenzake wafikiri zaidi na kwa upana zaidi. Yule wa kuigiza hakufua dafu, hata maneno yake yalipofanana na ya mwenzake. Mdahalo wako wa kura utakuwa na wasemaji hodari wanaojua kwamba hakuna anayemaanisha anachokisema, na wasikilizaji nao watalijua hilo.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tangu mwaka 1954 Irving Janis na Bert King walionyesha kwamba mtu anayepewa msimamo na kuutetea kwa maneno yake mwenyewe huelekea kuvutwa nao kuliko anayeusikiliza tu. Wanafunzi wako wanakwenda mazoezi ya kufundisha. Kijana aliyetetea fimbo kwa ufasaha siku ya Ijumaa ataingia darasa la watoto akiwa amejishawishi mwenyewe. Na yupo binti au kijana aliyeumizwa kweli na fimbo: huyo kura ikimwangukia, utamlazimisha asimame kuitetea mbele ya wenzake kwa ajili ya alama?

Mchangiaji, Usa River

Ndugu zangu, mimi nafundisha sekondari, na naona mmetaja Stanford kabla ya kutaja Tanzania. Jeffrey Arnett alionyesha mwaka 2008 kwamba asilimia 96 ya washiriki katika tafiti za majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani aliyoyachunguza walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Wanafunzi waanzie hapa nyumbani. Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio lililofanyika katika shule za sekondari za serikali nchini mwetu, ambamo walimu waliofunzwa mbinu za malezi yasiyo ya ukatili walipunguza matumizi ya nguvu, kwa maelezo yao wenyewe na ya wanafunzi wao. Ukiwa na utafiti kama huo mezani, mambo ya kura ni ya utaratibu tu.

Mleta mada, Arusha

Mwalimu wa Usa River, huo utafiti wa Nkuba utasomwa na vikundi vyote. Sikubaliani kwamba kura ni utaratibu tu, kwa sababu hata utafiti wa nyumbani utasomwa kwa jicho la kupendelea na aliyekwisha kuamua.

Ndugu wa Moshi, aliyeumizwa sitamlazimisha. Ataniona faragha kabla ya siku hiyo, atakuwa mtunza muda au mwandishi wa kumbukumbu, na hatatoa maelezo kwa yeyote mwingine. Kuhusu Janis na King, hoja yako ni nzito, na jibu langu ni kubadilishana pande: kikundi kilichotetea fimbo wiki hii kitaipinga wiki ijayo, ili kama kuvutwa kupo, kuwe kwa pande zote. Kwa Nemeth bado sijashawishika. Alipima vikundi vinavyotafuta uamuzi, nami natafuta mwalimu mtarajiwa anayeweza kueleza hoja ya mpinzani wake hadi mpinzani akubali kwamba ndivyo anavyosema. Kwa hilo ndilo ninalotoa alama nyingi kuliko kwa ufasaha.

Nakurudishia swali la vitendo. Darasani kwangu wanaopinga viboko kwa dhati ni wachache mno. Nikiwaacha wote wachague, upande wa kupinga fimbo utakaliwa na nani?