Wangehisi Sumaku: gumzo la ukoo wetu

Ami Haji: Assalamu alaykum jamaa. Jana, nikimwonyesha mwanangu dira ya ngalawa, nilisogeza mbuzi ya kukunia nazi karibu yake, na sindano ikaufuata ule ulimi wa chuma. Tangu hapo nawaza: viumbe wenye akili kama sisi, lakini wanaohisi sumaku ya dunia kama tunavyohisi upepo usoni, wangeishi vipi?

Salma: Waalaykum salaam, ami. Kasa wanaotaga Misali, kile kisiwa kidogo cha Pemba, ni wa jamaa hiyo hiyo. Kule Florida watafiti waliweka vitoto vya kasa katika tangi lililozungukwa na koili za umeme, na kila walipobadilisha sumaku, vitoto viligeuza upande wa kuogelea. Hisia ipo; kilichobaki ni kuipa lugha.

Ami Haji: Hapo kwenye lugha ndipo penye uzito, mwanangu. Sisi tumeziita kaskazini na kusini kwa majina ya pepo, kaskazi na kusi, kwa kuwa pepo ndizo zinazotugusa. Wao wangekuwa na maneno ya mwinamo, maana mistari ya sumaku huku kwetu inachomoza ardhini ikielekea juu, na nahodha wao akitoka Pemba kwenda Muskat angeihisi ikilala kidogo kidogo, ikanyooka sawa na bahari, kisha ikainamia chini, hata akajua amefika wapi kabla ya kuona ardhi.

Shangazi Mwanaisha: Mimi nafikiria nyumba zao. Sidhani kama wangepata usingizi ndani ya zege lenye nondo. Wangejenga kwa mawe, chokaa na boriti kama Mji Mkongwe, na wangesafiri kwa mitepe iliyoshonwa kwa kamba bila msumari.

Salma: Na minara ya redio je, shangazi? Mwaka 2014 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walieleza kwamba kelele za redio za mjini ziliwapoteza mwelekeo ndege wanaohama, mpaka walipokingwa kwa vibanda vya alumini.

Shangazi Mwanaisha: Maskini. Basi mji kwao ungekuwa ukungu.

Ami Haji: Mimi namwonea huruma zaidi yule nahodha. Ikija dhoruba ya jua inayovuruga sumaku ya dunia, kama ile ya Septemba 1859, naye yumo katikati ya mkondo wa Pemba usiku wa mawingu, angeihisi kaskazini yake ikitetemeka, na nyota ya kumsaidia haonekani hata moja.