Mafundi wa Kisumu, acheni kuwauzia wazazi wetu tiba ya virusi visivyokuwepo

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mama yangu ni mwalimu mstaafu anayeishi Ahero, na laptopu yake huitumia kuandika kumbukumbu za chama na kuzungumza kwa video na wajukuu wake. Wiki tatu zilizopita alikuwa akitafuta nyimbo za kwaya mtandaoni, ukurasa mmoja ukamtaka abofye "Ruhusu" ili athibitishe kuwa yeye si roboti, naye akabofya. Muda si mrefu kioo kizima kikageuka chekundu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikatangaza kwa Kiingereza kwamba mashine imeambukizwa, kwamba nywila na picha zake zinaibwa saa ile ile, na kwamba asithubutu kuizima bali apige nambari ya ng'ambo iliyoandikwa hapo. Mama hakuipiga. Aliizima laptopu, akaifunga kwa leso, akapanda matatu hadi Kisumu.

Kufikia hapo alikuwa amewashinda matapeli wa ng'ambo bila msaada wa mtu yeyote. Aliyemla pesa ni fundi wa hapa hapa mjini, hatua chache kutoka steji, aliyemkaribisha kiti na kumwita "mama".

Fundi huyo aliiwasha mashine, akaitazama kwa dakika zisizozidi tano, akamwambia kwamba ina virusi 47 na kwamba angechelewa siku moja tu angepoteza kila kitu. Alimtoza shilingi 6,500: 3,500 za kusafisha na 3,000 za programu ya kuzuia virusi. Nilipofika nyumbani mwisho wa wiki, maonyo yalikuwa yamerudi, safari hii yakichomoza kwenye pembe ya kioo kila baada ya dakika chache. Nilifungua mipangilio ya kivinjari, yaani programu anayofungulia tovuti, nikaingia sehemu ya arifa, nikakuta tovuti yenye jina la herufi zisizosomeka imepewa ruhusa ya kutuma ujumbe. Niliifuta ruhusa hiyo, na maonyo yakakoma palepale. Kisha nikaichunguza mashine yote kwa kinga inayokuja na Windows yenyewe, na haikupata kirusi hata kimoja, wala katika rekodi zake hapakuwa na chochote kilichowahi kufutwa. Ile programu ya shilingi 3,000 ilikuwa toleo la majaribio la siku 30, ambalo mtu yeyote hulipakua bure.

Nilirudi dukani na stakabadhi mkononi. Nilijibiwa kwamba virusi "vimezaa tena", kwamba kazi ya kompyuta haina garantii, na kwamba nikiongeza 2,000 ataitazama upya.

Kinachoniuma ni kwamba fundi anayeshinda na kompyuta za watu kutwa nzima anaujua ukurasa ule vizuri mno. Anajua kwamba ukurasa wa tovuti hauwezi kuyapekua mafaili ya mtu na kuhesabu virusi. Ule ni picha, sauti na amri chache za kukipanua kivinjari hadi kifunike kioo chote, ili alama ya kufungia isionekane na mtu ababaike. Anajua pia kwamba Microsoft imekuwa ikieleza waziwazi kuwa maonyo yake halisi hayabebi nambari ya simu. Angeweza kumweleza mama yangu haya kwa sentensi mbili na kumtoza shilingi 200 za muda wake, nami ningemshukuru. Badala yake aliichukua hofu iliyopandwa na mwizi asiyemfahamu, akaivuna yeye.

Asiniambie mtu kwamba hii ni biashara tu. Marekani, mwaka 2019, kampuni ya Office Depot na mshirika wake Support.com walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kwa mchezo unaofanana na huu: mteja aliulizwa maswali machache, kwa mfano kama kompyuta yake imekuwa nzito, na akikubali hata moja, programu ilitoa jibu kwamba dalili za virusi zimepatikana, kisha akauziwa matengenezo. Hapa kwetu tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo inakataza kumwambia mteja kwamba anahitaji matengenezo asiyoyahitaji. Sheria ipo, ila mama wa Ahero aliyetoka na nauli ya kurudi peke yake hajui pa kuanzia.

Kwa hiyo yeyote mwenye mzazi anayetumia kompyuta amweleze leo, kabla kioo hakijawa chekundu. Bonyeza Esc na uishikilie. Ikikataa, bonyeza Alt na F4 pamoja. Ikikataa tena, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uchague kivinjari katika orodha itakayofunguka, ukifunge kwa nguvu. Ukikifungua upya na kikuulize kama kirudishe kurasa za awali, kataa. Hata kuizima mashine kama alivyofanya mama hakuna ubaya. Shida kubwa huja kwa aliyepiga ile nambari na kuwaruhusu waingie kwenye mashine yake kwa AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali, au nyingine kama hiyo: huyo akate intaneti mara moja, aiondoe programu hiyo, abadilishe nywila zake kwa kutumia simu au mashine nyingine, na aiarifu benki yake siku hiyo hiyo.

Na fundi akikwambia kompyuta ina virusi, mwambie akuonyeshe jina la kirusi na faili lililoambukizwa, ukiwa umesimama naye, kabla hujatoa hata shilingi. Mama yangu hakuonyeshwa chochote. Nimempa yule fundi hadi Ijumaa arudishe 6,500 zote, na asipozirudisha nitakwenda na stakabadhi hii katika mahakama ya madai madogo hapa Kisumu. Kama kuna mwingine humu aliyetozwa kwa namna hii karibu na steji, aandike hapa tarehe na kiasi alicholipa, ili nisiende peke yangu.