Prague, uwanja wa Mji wa Kale: kutazama saa kutoka chini au kupanda mnara?

Kwale_Safari: Wakuu, tutapita Prague kwa saa tatu tu kabla ya kupanda treni jioni. Kati ya onyesho la Orloj, ile saa ya kale iliyo ukutani mwa Ukumbi wa Mji, na mnara wa ukumbi huo, lipi lipewe nafasi? Nitakuwa na mama, magoti yanamsumbua.

Dira71: Anzeni chini. Sanamu za mitume wa Yesu hupita kila saa kamili, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5 usiku, na onyesho halimalizi hata dakika moja. Wengi hukodolea macho mduara wa saa wakakosa kila kitu: mitume wako juu yake, kwenye vidirisha viwili. Sanamu ya kiunzi cha mifupa inavuta kamba ya kengele, mitume wanapita, jogoo anawika, ndipo saa inagonga. Fikeni dakika kumi kabla. Pochi iwe mbele, kwa sababu umati wote umeinua shingo na wezi wanalijua hilo.

Umati ukitawanyika, msiondoke. Mashine hiyo ni ya 1410, kazi ya Mikuláš wa Kadaň. Pete ya nje ya mduara, nyeusi yenye tarakimu za dhahabu, huhesabu saa 24 tangu jua linapozama, na husogezwa kufuata majira. Msomaji wa Kiswahili ataielewa haraka kuliko watalii wengi, maana kwetu pia siku huanza magharibi.

Mama Nuru: Kuhusu magoti, kuna lifti ya kioo ndani ya mnara. Roshani ya juu ndiyo nyembamba, watu hubanana. Mjue pia kwamba ukiwa juu huoni uso wa saa. Unaona uwanja na minara miwili ya kanisa la Týn. Itazame vizuri: haina unene sawa.

Bandari_Kuu: Nakubaliana na Dira71, ila tatizo kubwa pale ni pesa. Nyama ya nguruwe inayochomwa uwanjani bei yake huandikwa kwa gramu 100, na muuzaji hukata kipande kikubwa. Asiyekula nguruwe aulize kila kitu kwanza. Ukibadilisha fedha ukaona umepunjwa, sheria ya 2019 inakuruhusu kuvunja muamala ndani ya saa 3, mradi hauzidi euro 1,000. Tunza risiti. Kwenye ATM chagua kukatwa kwa koruna, fedha ya huko, kataa kiwango cha kubadilishia inachokupa mashine.

Dira71: Nyongeza: kwenye sakafu upande wa mashariki wa ukumbi kuna misalaba 27 myeupe ya mawe, ya watu walionyongwa au kukatwa vichwa hapo Juni 21, 1621. Ni bure, na watu huikanyaga bila kujua.

Mama Nuru: Kutoka stesheni kuu chukueni metro (treni ya chini ya ardhi) ya mstari C hadi Muzeum, mbadilishe kwenda mstari A, mshuke Staroměstská. Tiketi ya karatasi lazima ipigwe muhuri kwenye mashine ya njano kabla ya kushuka jukwaani; isiyopigwa ni faini papo hapo. Mabegi yaacheni stesheni, mawe ya uwanja yanachosha magurudumu na magoti.