Naomba ushauri: zimwi la katuni linachekesha badala ya kutisha, na tukio moja linaliza watoto

penseli_laini
Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada kwenye kipindi cha katuni cha dakika 11, walengwa watoto wa miaka 8 hadi 11. Kaka na dada yake mdogo wanamfuata paka wao ndani ya kinu cha upepo kilichotelekezwa, na humo mna zimwi linaloiba sauti za watu. Skripti imekamilika, animatiki (michoro ya awali iliyopangwa kwa muda na sauti) ipo.

Zimwi linajitokeza dakika ya 3 likiwa na meno marefu, macho mekundu na makucha, na watazamaji wa majaribio wanaangua kicheko. Dakika ya 8 linamnyang'anya dada sauti, skrini inakuwa nyeusi, kisha tunahamia kijijini asubuhi. Hapo watoto wanalia, wengine wanakataa kuendelea. Mwishoni kuna pambano chini ya radi, mwanga unawaka na kuzimika mfululizo. Nirekebishe nini, na mpaka wa kutisha niuweke wapi?

bint_storibodi
Mkuu, dakika ya 3 ni mapema mno. Zimwi likishaonekana lote, mtoto hana cha kuwaza tena. Anabaki kulikagua tu, na zimwi linalokaguliwa huchekesha. Dakika ya 2 weka dalili: ndege anafungua mdomo, mlio hautoki. Dakika ya 4 kivuli ukutani. Ya 6 mkono mmoja ukishika ukingo wa mlango. Uso usubiri dakika ya 8, na usizidi sekunde 2.

Tazama Over the Garden Wall ya mwaka 2014, sura 10 za dakika kama 11 kila moja, yaani kipimo chako kilekile. Yule Mnyama wa msituni husikika akiimba, na akionekana ni umbo jeusi lenye pembe na macho yanayong'aa. Mwili wake unamulikwa kwenye sura ya mwisho, kufumba na kufumbua basi.

wino_mweusi
Naongezea upande wa mchoro. Meno na macho mekundu yanachekesha kwa sababu zimwi lako limechorwa kwa mkono uleule uliowachora watoto: mistari ileile, unene uleule, mwendo uleule wa kunyumbulika. Jicho linalitambua kama mwenyeji wa ulimwengu huo. Lifanye mgeni. Kwenye Courage the Cowardly Dog (1999 hadi 2002) wahusika wengi wamechorwa bapa, lakini Mfalme Ramses, mzimu wa kipindi kimoja, alitengenezwa kwa kompyuta, ana ujazo, anayumba kwa ukakamavu. Ndiyo maana waliomwona utotoni hawamsahau.

Kama huna uwezo wa 3D, cheza na fremu, zile picha moja moja zinazounda mwendo. Kwa fremu 24 kwa sekunde, watoto wako bila shaka wanakwenda kwa mchoro mmoja kila fremu 2, yaani michoro 12. Zimwi lipe mchoro mmoja kila fremu moja, liteleze bila kusita hata kidogo. Wengine wanapepesa macho kila baada ya sekunde 3 au 4, lenyewe lisipepese kabisa. Futa meno. Mdomo uwe mstari uliofungwa, maana ni kiumbe kinachoishi kwa sauti za watu wengine.

Kuhusu giza: Batman: The Animated Series ya 1992 ilichora mandhari juu ya karatasi nyeusi, wakaongeza mwanga pale tu ulipohitajika. Fanya hivyo kidijitali, anza na tabaka jeusi kisha paka vilivyoangaziwa. Tahadhari moja: giza linalopendeza kwenye skrini ya studio linageuka tope kwenye simu mchana. Jaribu kwenye simu, mwangaza nusu. Ukishindwa kuona nyusi za watoto, pandisha mwanga wa nyuso zao, mandhari yaache yalivyo.

fundi_sauti
Wazo la kuiba sauti ni dhahabu na sijaona mtu akiligusa. Zimwi lisingurume. Kunguruma ni simba, na simba mtoto anamjua. Chukua sentensi ambayo dada ameshaisema mwanzoni, tuseme "Kaka, nisubiri." Tumia rekodi ileile, usimrudishe mwigizaji studio. Kata pumzi zote kati ya maneno, punguza kasi hadi asilimia 88 bila kushusha kimo cha sauti, kisha isogeze fremu 3 nyuma ya mdomo. Mtoto atajua kuna kitu hakipo sawa kabla hajaweza kukitaja. Ukishusha kimo sana inakuwa jitu la kawaida, na kicheko kinarudi.

Kabla ya uso kuonekana usiweke ngoma wala vinanda. Ondoa vitu kimoja kimoja: kwanza muziki, kisha upepo, mwisho mlio wa mbao za kinu. Bakiza sekunde 2 za ukimya, ila usiache sifuri kabisa, mtazamaji atadhani kifaa kimeharibika. Acha ule mvumo mdogo wa chumba.

Besi chini ya hezi 60 haisikiki kwenye spika za simu, kwa hiyo mngurumo wa kinu uongezee tabaka la hezi 250 hadi 500. Pia usitishe kwa kupandisha sauti ghafla. Vituo vya Ulaya vinapima wastani wa kipindi kwa −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), Marekani −24, na ukelele uliopaa mbali na wastani huo unaumiza masikio. Maumivu ya sikio si hofu.

mhariri_wa_hadithi
Watoto hawalilii zimwi, mkuu. Wanalilia dada aliyeachwa peke yake. Skrini imekuwa nyeusi, kaka hayupo, kisha unawapeleka kijijini kana kwamba hakuna kilichotokea. Futa huo weusi. Kaka awe mlangoni, aone, akimbilie. Ndani ya sekunde 30 dada awe na jambo la kufanya: aandike kwa kidole kwenye vumbi la unga, agonge mbao kumwonyesha njia. Hana sauti lakini ana akili na mikono.

Courage, yule mbwa mwoga, anaogopa kila kipindi, anatetemeka, na bado anaingia kumwokoa Muriel, bibi anayemfuga. Mtoto anavumilia giza zito sana akiwa na mtu wa namna hiyo wa kumshikilia.

Mpaka wenyewe ni huu: hofu ibaki kinuni. Usiipeleke kitandani, chooni, kwenye kioo, wala kwenye uso wa mama, maana hivyo vipo nyumbani kwa kila mtazamaji na vitamsubiri usiku.

bint_storibodi
Hapo kwenye kioo nakubali kwa umri huu tu. Kwa miaka 12 kwenda juu ningekitumia bila wasiwasi.

fremu_kwa_fremu
Wote mmeruka radi, na ndiyo hatari halisi. Tarehe 16 Desemba 1997 kipindi kimoja cha Pokémon kilirushwa Japani kikiwa na nyekundu na bluu zinazopokezana mara kama 12 kwa sekunde. Mimweko hiyo iliwaletea watazamaji degedege na dalili nyingine, zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali, na katuni hiyo ikasimamishwa miezi 4.

Kanuni ya utangazaji ni mimweko isiyozidi 3 kwa sekunde, hasa inapochukua zaidi ya robo ya skrini, na nyekundu iliyokolea iepukwe. Wewe kaa kwenye mmweko 1 kwa sekunde: fremu 2 za mwanga, fremu 10 za kufifia, zilizobaki giza. Mwanga uwe kijivu chenye ubaridi, usiwe mweupe kabisa. Ukimaliza, pitisha faili la mwisho kwenye programu ya kupima mimweko. Animatiki haitoshi, kwa sababu rangi zinabadilika.

penseli_laini
Shukrani sana wakuu. Swali la mwisho: dada arudishiwe sauti dakika ya ngapi?

mhariri_wa_hadithi
Isipite 9:45. Ukichelewesha, majina ya watengenezaji yanaanza kupita kabla mtoto hajashusha pumzi. Neno lake la kwanza liwe ile ile "Kaka, nisubiri", safari hii na pumzi zake zote zikiwemo. Fundi anayo rekodi, hakuna gharama mpya. Jaribio lijalo waite wa miaka 8 hadi 11 tu, na uwaulize siku ya pili, si papo hapo.