Logi zinafungua tiketi kibao, nichuje wapi?

Wakuu, naombeni ushauri. Ofisini tunatumia mfumo wa GLPI kwa tiketi, yaani maombi ya msaada wa IT. Logi (kumbukumbu za matukio) za seva za Linux na swichi za mtandao zinakusanywa na programu ya Graylog kwa syslog (njia ya kutuma logi mtandaoni), UDP 514. Ikitokea hitilafu, Graylog inatuma barua pepe na GLPI inaifungulia tiketi.

Shida ni marudio. Juzi waya wa swichi ulilegea, poti ikawa inazima na kuwaka usiku kucha. Asubuhi foleni imejaa tiketi za poti ileile, na ombi la mhasibu aliyeshindwa kuingia kwenye mfumo wa mishahara limefunikwa huko chini. Limeniuma sana, watu walikuwa wanasubiri hela zao.

Sasa nataka kuongeza seva za Windows. Tukio 4625, mtu kushindwa kuingia, likitokea mara moja si kitu. Likijirudia mfululizo kwa akaunti moja, hapo lazima nijue.

Je, matukio yanayofanana mnayaunganisha Graylog kabla hayajawa tiketi, au mnaziachia sheria za GLPI? Na logi za usalama mnazitunza muda gani? Diski inajaa haraka mno.