Tupeane uzoefu: cheti cha polisi na alama za vidole kwa wanaomfuata mume au mke ng'ambo

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mume wangu yuko Edmonton, mimi niko Mombasa, na ombi letu la kuungana lilipelekwa Kanada miezi mitatu iliyopita. Ninaanza mimi kusimulia, kwa sababu siku nyingi tulizozipoteza zilitokana na kutoelewa kwetu kwamba vidole vyangu vingechukuliwa alama mara mbili, kila mara kwa shabaha yake.

Mara ya kwanza ni kwa ajili ya cheti cha tabia njema, ndicho hicho cheti cha polisi, kinachoonyesha kama una rekodi ya uhalifu. Hapa Kenya ombi hujazwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kulipiwa shilingi 1,050, kisha mwombaji huchapisha fomu ya C24, ile ya alama za vidole, mbele na nyuma ya karatasi moja, akaenda nayo Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, Nairobi, kupakwa wino. Mimi nilichapisha karatasi mbili mbalimbali, nikarudishwa. Niliporudi tena ilikuwa siku nne baada ya harusi ya mdogo wangu, na mikono yangu ilikuwa na hina na piko hadi kwenye ncha za vidole. Askari alivitazama, akaniambia kwa upole, "Dada, mistari haisomeki, ngoja ipauke." Nilingoja majuma matatu. Dada zangu wa pwani, ninawasihi, kama mna safari hii mbele yenu, mwambieni mpambaji aache ncha za vidole wazi.

Mara ya pili ni baada ya ombi kupokelewa, idara ya uhamiaji ya Kanada inapokutumia barua ya kukuita. Ada ni dola 85 za Kanada, muda uliopewa ni siku 30, na mimi nilikwenda Nairobi, katika kituo cha maombi ya viza, ambako mashine ilisoma vidole vyote kumi nikapigwa na picha. Cheti cha polisi hakisimami mahali pa alama hizi, wala hizi hazisimami mahali pa cheti. Mume wangu naye alikuwa ameshaomba ruhusa kazini ili akatoe alama zake, kumbe anayemwombea mwenzake hatakiwi kuzitoa.

Karibuni nanyi mseme yaliyowafika.

Kutoka Malindi

Ahsante, dada. Mimi nilifanya kazi Dubai tangu 2017 hadi 2020, nikadhani cheti cha nyumbani kinatosha, lakini Kanada hutaka cheti cha kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 18. Ilinibidi kuchukuliwa alama kwenye kadi hapa Kenya, kadi ithibitishwe na ubalozi wa Falme za Kiarabu Nairobi, ndipo niombe cheti cha kule. Wakati ninakingoja, cheti changu cha Kenya kikapita miezi sita tangu kitolewe, nacho ndicho cha nchi ninayoishi, ambacho hakitakiwi kuzidi umri huo siku ya kupeleka ombi. Nikalipa upya, nikapakwa wino upya. Kile cha nchi uliyokwisha kuihama kinatakiwa tu kiwe kimetolewa baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo aliyewahi kukaa Arabuni na aanze na cha huko, cha nyumbani akiombe mwisho.

Kutoka Dar es Salaam

Mke wangu ni raia wa Marekani, na hesabu yao ni nyingine: huanzia umri wa miaka 16, na nchi ya kigeni uliyowahi kuishi huhesabiwa ukiwa umekaa miezi 12 au zaidi. Nilisoma Kampala miaka mitatu, hivyo niliomba pia cheti cha Uganda, ambacho hutolewa na ofisi ya Interpol ya polisi wao. Kosa langu lilikuwa katika jina. Pasipoti ina majina matatu, fomu nikaijaza mawili, na cheti kikatoka na mawili. Kukirekebisha kulinichukua muda mrefu kuliko kukiomba.

Kutoka Toronto

Mke wangu ni mkulima wa mwani huko Paje, Zanzibar, na miaka ya kufunga kamba katika maji ya chumvi imemlainisha ncha za vidole. Mara mbili wino ulitoa madoa matupu. Ofisa mmoja mama alimshauri apumzike kazi kwa siku kumi, na kila usiku ajipake mafuta ya nazi. Alikubali, ingawa mwani wa bamvu lile, kipindi kile cha maji makubwa, ulimpotea, jambo lililoniuma mimi niliye mbali kuliko lilivyomuuma yeye. Aliporudi, vidole tisa vilisomeka, na pembeni mwa alama ya gumba la kushoto yule mama akaandika kwa mkono wake kwamba ngozi imelika kwa kazi. Cheti kilitoka, na Kanada wakakipokea.